Muhuri wa Kandambili

TANGAZO KWA WOTE. Bodi ya Shule ya Sekondari Oldomet, baada ya kikao chake cha dharura, na kwa kuzingatia heshima, usafi na mahusiano mema ya kimataifa, inawatangazia walimu, wafanyakazi, wanafunzi na wazazi kwamba kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa ya wiki hii, mlango mkubwa wa bwalo la chakula utatumiwa na wageni wetu Wazungu peke yao. Waafrika wote, bila kujali cheo, umri wala elimu, watapita mlango wa jikoni. Atakayekiuka atachukuliwa hatua kali. Ushirikiano wenu ni wa lazima.

Chini ya maneno hayo mazito palikuwa na muhuri wa buluu, wa duara, wenye nyota tatu na neno BODI katikati.

Kikao cha dharura kilifanyika Jumapili alasiri kwenye karo la kufulia, nyuma ya bweni la wasichana, nje kidogo ya Usa River. Mjumbe alikuwa mmoja: Salwa Khalfani, kidato cha tatu, miaka kumi na sita. Karatasi aliichapa kwenye kompyuta ya maktaba, ambako alikuwa msaidizi. Wino aliuazima kwenye pedi ya maktaba hiyohiyo, bila kujiandika kwenye daftari la kuazima. Muhuri wenyewe aliuchonga kwa kiwembe kutoka kwenye kisigino cha kandambili yake ya kulia, akabaki na kandambili yenye shimo la duara, kubwa kama kizibo cha chupa ya maziwa, na hakuwa na nyingine mpaka shule ifungwe.

Msimulizi wa habari hizi anamfahamu Salwa vizuri, ila si vizuri kiasi cha kushtakiwa naye.

Ni haki kusema kwamba Salwa hakuwa na nia mbaya. Mwaka uliotangulia alikuwa amemtangaza paka wa jikoni kuwa kiranja wa nidhamu, kwa karatasi ya namna hiyohiyo isipokuwa muhuri, na shule ilicheka wiki nzima. Paka mwenyewe alipigiwa saluti. Safari hii kilichomsukuma ni wale wageni kumi na wawili waliokuja Ijumaa iliyotangulia kupaka rangi maktaba. Hakuwa na ugomvi nao. Walikuwa watu wa kucheka ovyo, wenye makoti ya mvua ya rangi za maembe. Ugomvi wake ulikuwa na shule. Wageni walipofika, wanafunzi waliimbishwa wimbo wa kuwakaribisha mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza kamera haikuwashwa na mara ya pili Mwalimu Mkuu alikuwa amefumba macho. Kisha kijana mmoja wa kigeni mwenye ndevu nyekundu, aliyemaliza sekondari kwao mwaka jana tu, akapewa darasa la baiolojia afundishe sehemu za ua. Madam Fransiska, mwenye shahada na miaka kumi kazini, alimshikia mwavuli mpaka mlangoni, kisha akakaa dawati la nyuma na kuandika notisi.

Salwa alimtazama Madam akiandika notisi za sehemu za ua, somo ambalo Madam mwenyewe alikuwa amewafundisha muhula uliopita. Akawaza: shule hii ina ugonjwa, ila ugonjwa wenyewe ni wa adabu, hauonekani. Akakumbuka somo la historia, zile habari za viti vya Wazungu, viti vya Wahindi na mikeka ya Waafrika, ambazo mwalimu alizimaliza kwa kusema, "Hayo yamepita, fungeni vitabu." Basi yeye angeyarudisha kwa siku moja. Ingekuwa kama kutia chumvi kwenye uji mpaka kila mtu ateme, na wakishatema wangecheka, na wakishacheka wangeona aibu kidogo. Karatasi ingechanwa kabla ya chai ya saa nne.

Ndivyo alivyomweleza Arnold, mvulana waliyekaa naye dawati moja, ambaye babu yake alikuwa mchungaji huko Machame na hivyo yeye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa dhambi.

"Dada, hii ni noma," alisema Arnold. "Wakikukamata?"

"Watanikamataje? Watakuwa wanacheka."

Jumatatu saa moja kasoro asubuhi, wote wawili walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa bustani mbele ya bwalo, wakijifanya wanasoma jiografia. Ilikuwa masika. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni, na njia ya kuzunguka kwenda jikoni ilikuwa tope tupu.

Wa kwanza kufika alikuwa Madam Fransiska. Alilisoma tangazo lililobandikwa mlangoni, akarekebisha miwani, akalisoma tena. Salwa aliuma mdomo akingoja kicheko. Madam akasogeza uso karibu, akautazama muhuri. Kisha akashika pindo la gauni lake, akalipandisha kidogo, akazunguka kwenda jikoni. Hakulalamika. Alitembea kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau kitu upande ule.

Wa pili alikuwa Mwalimu Mkuu mwenyewe, Mwalimu Fanuel. Alisoma akiwa ameweka mikono nyuma. Alipomaliza alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa na habari hizo tangu zamani. Baadaye ilijulikana kwamba alidhani Bodi imekutana bila kumwalika. Mwalimu wa taaluma alidhani Mkuu anajua. Karani alidhani wote wawili wanajua. Kila mmoja aliona aibu kuuliza, na aibu ya kuuliza ilikuwa kubwa kuliko aibu ya kupita jikoni.

Mkuu akamwita mlinzi, Mzee Lengai, Mwarusha wa Terrat, akamwambia asimame mlangoni na rungu lake. Dada mkuu Skolastika, ambaye hajawahi kuona kundi la watu bila kulipanga foleni, akalipanga foleni. Wanafunzi mia nne wakaanza kuzunguka, wakiruka madimbwi.

"Aisee, Salwa," alinong'ona Arnold. "Mbona hawacheki?"

"Subiri saa nne."

"Na saa nne wasipocheka?"

"Mchana."

Wageni wakaja. Yule mwenye ndevu nyekundu alisimama mbele ya karatasi, akamuuliza Skolastika kwa Kiingereza inasemaje.

"Inasema karibuni," alijibu Skolastika, kwa tabasamu la dada mkuu.

Kijana akafurahi sana. Akasimama chini ya tangazo, akainua dole gumba, mwenzake akampiga picha.

Salwa aliangalia yote hayo na akangoja kusikia kitu moyoni. Hakusikia. Ilikuwa kama siku ile alipong'olewa jino mjini: baada ya sindano alijipiga kofi dogo shavuni, akaona mkono unagusa, akajua ni shavu lake, na shavu halikumjibu.

Mtu mmoja tu hakuzunguka. Huyo alikuwa Mama Elihuruma, mpishi mkuu, Mmeru wa Ngarenanyuki, mwanamke mfupi mwenye mikono minene na sauti ya chini. Pale Oldomet palikuwa na desturi yake. Zamani, kabla Salwa hajazaliwa, shule nzima iliharisha kwa maharage, na wazazi walikuja juu. Tangu hapo ikawekwa kwamba kabla ya kila mlo mpishi mkuu anatoka jikoni na sahani ya kwanza, anazunguka mbele, anaingia kwa mlango mkubwa watu wote wakimwona, anakaa, anakula matonge matatu. Akishameza la tatu anasema, "Karibuni." Hapo ndipo watu wanakula. Mama Elihuruma alikuwa amefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa, asubuhi, mchana na jioni, na neno hilo la karibuni lilikuwa karibu neno pekee ambalo wanafunzi wengi walimsikia akilisema.

Jumatatu hiyo alikuja na bakuli lake la uji, lenye mvuke. Mzee Lengai akanyoosha rungu.

"Mama, simama."

"Nimesimama."

"Umelisoma tangazo?"

"Nimelisoma."

"Basi zunguka."

"Uji utapoa," alisema Mama Elihuruma, akapita.

Mzee Lengai alilitazama rungu lake kama limemsaliti. Ndani, Mama alikaa, akanywa mafunda matatu, akasema karibuni. Watu wakanywa uji. Alasiri akapewa barua ya onyo.

Kufikia Jumanne, hakuna aliyekuwa akilisoma tangazo tena. Walilizoea. Wavulana wa kidato cha pili walitumwa kumwaga changarawe kwenye njia ya jikoni, ila mvua ikaifukia, na tope likabaki tope. Fundi akaweka mbao mbili juu ya mtaro. Wapishi wakalalamikia msongamano, kwa hiyo mwalimu wa taaluma akatengeneza ratiba: kidato cha kwanza dakika kumi, cha pili dakika kumi, walimu wakati wowote. Akasifiwa mbele ya gwaride. Ubaguzi ule ulikuwa na umri wa siku moja na nusu, na tayari ulikuwa na ratiba na mbao.

"Lichane basi," alisema Arnold.

"Mzee Lengai yuko pale kutwa."

"Kamwambie Mkuu."

"Nimwambie nini? Kwamba amezunguka siku mbili kwa ajili yangu? Ataniua ili asisikie tena."

"Wewe ndiye uliyesema watacheka."

"Arnold, soma jiografia."

Jumatano ilikuwa zamu ya Dada Princess. Kati ya wale wageni kumi na wawili, kumi na mmoja walikuwa Wazungu na mmoja alikuwa mweusi, msichana mrefu mwenye nywele za kusuka, aliyezaliwa na kukulia nchi ileile waliyotoka wenzake. Siku mbili za mwanzo alikuwa akiingia katikati ya kundi. Jumatano alichelewa, akaja peke yake.

"Sista, pita kule," alisema Mzee Lengai, akimwonyesha kwa rungu.

Princess hakujua Kiswahili, lakini rungu alilielewa. Akaenda alikoonyeshwa, akavuka mtaro kwenye mbao, akapanga foleni na kidato cha kwanza. Skolastika alipomwona akapiga kelele, akamkimbilia, akamwomba radhi kwa Kiingereza cha haraka: mlinzi hakujua kwamba yeye ni mgeni.

Princess akamuuliza ile karatasi inasemaje hasa.

"Inasema karibuni."

"Karibuni wote?"

Skolastika, ambaye alikuwa na alama za juu za mdahalo mkoa mzima, alifungua mdomo na kuufunga. Princess aliutazama ule mdomo. Tangu siku hiyo alipita njia ya jikoni kwa hiari yake, kila mlo, na wenzake wanne wakaanza kumfuata bila kujua wanafuata nini, mpaka Mwalimu Mkuu akawakimbilia mwenyewe na kuwarudisha mlango mkubwa kwa upole, akiwashika viwiko.

Jioni hiyo Mama Elihuruma alipewa barua ya pili. Ilimtaka ajieleze mbele ya kamati ya nidhamu, Ijumaa saa nne, kwa nini asiachishwe kazi na kuondoka kwenye nyumba ya shule, kwa kukaidi agizo la Bodi mara tisa.

Salwa alikuwa kwenye zamu ya kuchambua maharage. Aliiona barua imewekwa juu ya gunia la mchele, imefunguliwa, na Mama ameiwekea kijiko juu ili isipeperuke. Wakachambua pamoja. Huyu ndiye mama ambaye kila mwezi wa Ramadhani aliwaachia wasichana wa Kiislamu daku kwenye sufuria lenye kifuniko cha kufunga, na kuwakaripia wakibakiza. Yeye mwenyewe alikuwa Mlutheri wa kwaya.

"Mama," alisema Salwa. "Kwani ukizunguka? Imebaki siku mbili tu."

"Wewe unataka nizunguke?"

"Nataka usifukuzwe."

Mama Elihuruma alitupa jiwe dogo kwenye kopo. "Mama yangu alikuwa na miaka saba," alisema, "mwaka wa hamsini na moja, Waingereza walipowatoa watu Ngarenanyuki ili Wazungu wapate mashamba. Nyumba walizichoma. Ng'ombe wakaswagwa, watu wakaambiwa waende Kingori. Bibi yangu alitaka kurudi ndani kuchukua kibuyu cha maziwa, wakamwonyesha karatasi. Hakujua kusoma. Wakamwonyesha muhuri."

"Akafanyaje?"

"Akaondoka. Utafanyaje na nyumba inawaka?" Alichota maharage mengine. "Mimi nyumba yangu haiwaki. Nimewekewa karatasi tu mlangoni. Chambua, hayo uliyoyaacha yana mawe."

Salwa akachambua. Vidole vyake vilikuwa vikifanya kazi vizuri, alivitazama vikifanya. Alijua kwamba sentensi moja ingetosha. Aliitafuta sentensi hiyo mdomoni, akakuta maneno yapo, yamepangwa sawasawa, ila hayana njia ya kutoka. Akasema maharage yamekwisha. Akaondoka.

Alhamisi baba yake akaja.

Mzee Khalfani alikuwa na duka la vipuri vya magari Ngarenaro, na mtaa mzima ulimjua kwa ubishi. Aliwahi kubishana na askari wa usalama barabarani saa mbili juani mpaka askari akaomba maji ya kunywa. Alikuja na sabuni, dawa ya mbu na chapati alizofungiwa na mkewe, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Wazazi hukutana na watoto wao bwaloni. Salwa, akiwa ameshaingia, alimwona kupitia dirishani akipanda ngazi za mlango mkubwa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kitu kikamcheza kifuani. Akasema moyoni: leo ndiyo leo. Baba atalisoma, atamtazama Mzee Lengai, atauliza, "Hii ni nini?" kwa ile sauti yake, na shule yote itaamka.

Mzee Khalfani alisoma akipitisha kidole chini ya kila mstari. Alipofika kwenye muhuri, kidole kikasimama. Akamwamkia Mzee Lengai. Kisha akakusanya kanzu kwa mkono mmoja, chapati mkono wa pili, akashuka ngazi, akazunguka.

Alipotokea kwenye mlango wa jikoni, kanzu ilikuwa na tope mpaka kwenye goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo? Umekonda."

"Baba, umelisoma lile tangazo?"

"Nimelisoma."

"Umeonaje?"

"Nimeona lina muhuri." Alijikung'uta tope, likazidi kusambaa. "Shule nzuri ndivyo zilivyo, zina utaratibu. Wewe soma, mama. Soma kwa bidii, siku moja na wewe uje upitie pale."

Akampa chapati. Salwa alikula moja mbele yake ili afurahi. Ilikuwa laini, ilikuwa na mafuta, na hakuna zaidi ambacho angeweza kuisemea.

Ijumaa saa nne kamati ilikaa ofisini. Mwalimu Mkuu nyuma ya meza, Madam Fransiska akiandika kumbukumbu, Mzee Lengai kama shahidi, Mama Elihuruma kwenye kiti cha mbao, ameweka aproni yake iliyokunjwa mapajani. Dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo msimulizi aliweza kusikia mwanzo wake, na baada ya hapo hakuhitaji dirisha.

"Mama, mimi sina neno na wewe," Mkuu alikuwa akisema. "Si mimi. Ni Bodi. Ungezunguka tu. Mimi mwenyewe nimezunguka, mimi!"

"Nimekuona," alisema Mama Elihuruma.

Hodi ikapigwa. Salwa akaingia, amevaa sare, na chini amevaa kandambili, maana masika shule huruhusu kandambili nje ya madarasa ili viatu visiharibike. Usiku kucha alikuwa ametunga hotuba.

"Toka nje," alisema Mkuu. "Kuna kikao."

"Shikamoo, Mwalimu. Lile tangazo ni langu."

"Tangazo gani?"

"La mlango. Nililiandika mimi."

"Acha utani. Tangazo lina muhuri wa Bodi."

Salwa akainama, akavua kandambili ya kulia, akaiweka juu ya meza, kisigino juu. Akatoa mfukoni kipande cha mpira cha duara, chenye nyota tatu na wino wa buluu, akakitumbukiza kwenye lile shimo. Kikaingia kama jicho kwenye tundu lake.

Nje, gari la maziwa lilipita.

Mzee Lengai akainuka nusu, akachungulia. "Yaani," alisema, "siku tano nimesimama nalinda ndala?"

Madam Fransiska akaziba mdomo kwa daftari la kumbukumbu. Mabega yake yakatikisika, na kwa muda haikujulikana kama ni kicheko. Mkuu alikishika kile kipande cha mpira, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Lakini Bodi…" alisema.

"Uliwapigia simu?" aliuliza Madam.

"Wewe ulipiga?"

"Sikupiga."

Mkuu alikaa akiitazama meza. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mwenye tai, na kwenye pindo la suruali yake palikuwa na ukanda wa tope kavu. Akaivuta ile barua ya Mama Elihuruma, akaikunja mara mbili, akaichana, vipande akavitia mfukoni mwake badala ya pipani, labda asivione mtu wa usafi.

"Mama, hakuna shauri," alisema kwa sauti ndogo. "Rudi jikoni. Lengai, kalibandue. Na wewe, binti, baba yako ataitwa."

Salwa alipaswa kunyamaza hapo. Lakini hotuba ilikuwa tayari, na ilikuwa nzuri, na aliona hajapigwa bado. Akasimama kwa mguu mmoja wenye kandambili na mmoja usio nayo, akaanza.

"Nilifanya vile ili muone. Watu walipigania haki hizi, walinyang'anywa mashamba, walichomewa nyumba, halafu nyinyi, watu wazima, mmesoma, mnakiona kikaratasi tu mnainamisha kichwa! Hakuna Mzungu aliyewaambia mzunguke. Mlizunguka wenyewe! Ningeandika mpite dirishani, mngepita dirishani!"

Madam Fransiska aliacha kutikisika. Mkuu hakuinua macho. Ilikuwa kweli yote, kila neno, na Salwa aliisikia sauti yake ikipanda kama ya mtu kwenye redio.

Mama Elihuruma alikuwa ameshasimama, anafunga aproni. Aliiinua ile kandambili mezani, akaigeuza, akautazama ule mduara kwenye kisigino.

"Na wewe ulipita wapi?" aliuliza.

"Mimi?"

"Wewe. Siku tano hizi."

"Mlango mkubwa, Mama."

"Lengai, huyu alipita kwako?"

Mzee Lengai alifikiri. "Kwangu wamepita Wazungu na wewe."

"Nilidhani hivyo," alisema Mama. "Mimi ndiye ninayefagia mbele ya jikoni. Pana alama kwenye tope lile. Mguu wa kulia, kisigino kina duara katikati, kama mtu anapiga muhuri anapotembea. Jumatatu asubuhi nimeiona. Mchana nimeiona. Jioni. Nikasema huyu mtoto nani mwenye kiatu kibovu, nimtafutie kingine." Akairudisha kandambili mezani. "Leo asubuhi ilikuwepo."

Hapo msimulizi alikusudia kuifunga hadithi, na kumwacha Salwa na hotuba yake, amesimama vizuri. Haiwezekani. Sakafu ya ofisi ile ni ya saruji, na mguu uliokuwa ukipata baridi pale haukuwa wa mtu ninayemfahamu vizuri. Ulikuwa wangu. Salwa ni mimi, na nimeruka kusema nilipita mlango gani kila mahali nilipopata nafasi ya kuruka, rudini mkaangalie.

"Nilipita wa jikoni, Mama," nilisema.

"Kwa nini?"

Nilitaka kusema niliogopa kugundulika. Ilikuwa sababu nzuri, na Mkuu angeiandika. Lakini Jumatatu asubuhi sikuwa naogopa chochote, nilikuwa nangoja watu wacheke.

"Foleni ilikuwa inakwenda huko," nilisema. "Nilikuwa nalijua lile tangazo neno kwa neno, nilijua hata kiwembe kiliteleza wapi. Nilipofika mbele ya mlango nikaliona na muhuri wake, miguu ikakata kona. Sikuiambia. Nimehesabu, Mama. Mara kumi na tatu. Ya kumi na tatu ni ya leo asubuhi, na nilikuwa nimeshaamua kuja hapa."